Bati kwa Bei ya Maksai: Biashara ya Ujenzi Soitsambu

Katika Kata ya Soitsambu, Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, ujenzi wa nyumba huanzia zizini. Mfugaji akishaamua kujenga huchagua maksai aliyenona, humswaga hadi mnadani, na kabla ya jua kuzama fedha imeshahamia kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Wasso au Loliondo mjini. Ananunua bati anazoweza, misumari, na mfuko mmoja au miwili ya saruji ikiwa kuna kilichobaki. Vinasubiri nyumbani hadi maksai mwingine apatikane. Miaka mitatu, minne, nyumba inasimama.

Ndiyo maana mwenye duka la bati hapa hufuatilia mvua kama mkulima. Mvua ikinyesha vizuri, majani yanaota, ng'ombe wananenepa, bei mnadani inapanda na mafundi wanaitwa. Ikikatika, mambo yanageuka yote kwa pamoja: ng'ombe anakonda, bei yake inaanguka, gunia la mahindi linapanda, na mfugaji anayeuza anauza kwa ajili ya chakula. Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo mingi kaskazini mwa Tanzania, na kila mzoga ulikuwa pia bati zisizonunuliwa. Takwimu za sekta ya nyumba nchini huzungumzia riba, viwanja na bei ya nondo. Soitsambu kipimo cha kwanza ni afya ya mifugo.

Nyumba zenyewe ni za aina mbili, na mara nyingi zinakaa katika boma moja. Ya kwanza ni enkaji, nyumba ya asili ya Kimaasai, na hiyo hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anazisimika, anazifunga, kisha anakandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Mvua ikitoboa paa ni yeye anayepanda kuziba. Haihitaji hata shilingi moja ya dukani, lakini inahitaji mgongo wa mama huyo mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo haionekani kwenye hesabu ya uchumi wa wilaya. Ya pili ni ya pembe nne, yenye bati juu, kuta za udongo au tofali, na fundi wake hulipwa. Humo moshi unapungua, mtoto wa shule anapata dirisha la kusomea, na umeme unaingia kwa urahisi zaidi. Ada ya kuunganishwa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini ni shilingi 27,000, ila kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama nyingine, na si kila ukuta unafaa.

Faida kubwa ya bati, hata hivyo, ni maji. Kila mita moja ya mraba ya paa hukinga lita moja kwa kila milimita moja ya mvua. Paa la mita 40 za mraba, katika mvua ya milimita 10 tu, linaweza kujaza karibu lita 400 ukiweka mfereji na tangi. Kwa mwanamke anayetembea kutwa kutafuta ndoo mbili, hicho ni kipato kamili, na programu yoyote ya nyumba kwa wafugaji isiyohesabu mfereji na tangi imeacha nusu ya thamani ya paa.

Tatizo la kwanza la biashara hii ni njia. Saruji na bati zinatoka mbali, na mzigo unapanda bei kila unapokata kilima. Wilaya jirani ya Karatu ilipata nafuu ya njia mapema. Lami ya kutoka Makuyuni ilipofika hadi lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, vifaa vilishuka kutoka kwenye malori kwa bei inayokaribiana na ya Arusha mjini, tofali za kuchoma zikawa biashara ya vijana, na nyumba za wageni zikaota barabarani. Upande wa Loliondo lori hupita Mto wa Mbu, Engaruka, Engare Sero na Sale, njia ya vumbi la majivu ya volkano na makorongo yasiyo na huruma kwa springi. Kipande cha lami cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kimesaidia, lakini ni kipande tu, na anayelipia kilomita zilizobaki ni mnunuzi wa mfuko wa mwisho wa saruji. Juu ya hapo, tangu 2023, serikali inatoza ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, mbali na VAT ya asilimia 18. Kwa ghorofa la Dar es Salaam kiasi hicho hakisikiki. Kwa anayenunua mfuko mmoja mmoja kinasikika sana.

Je, serikali imefanya nini kuhusu nyumba? Kwa taifa zima, mengi. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) lilianzishwa 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Benki ya Nyumba Tanzania ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikakopesha, ikazama katika madeni yasiyolipwa na kufungwa 1995. Mikopo ya nyumba ilirudi kwa taabu: sheria ya 2008 ya mikopo ya rehani, kisha mwaka 2010 kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu. Leo NHC inajenga na kuuza nyumba, zikiwamo za mradi wake wa Safari City, Mateves, nje kidogo ya Jiji la Arusha. Pamoja na hayo yote, mikopo ya nyumba nchini haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake huzunguka kati ya asilimia 15 na 19. Pengo linalotajwa na serikali ni nyumba milioni 3.

Ukiangalia fomu ya mkopo wa nyumba utaona kwa nini haujawahi kupanda kilima cha Loliondo. Inaomba hati ya mshahara. Inaomba hati miliki ya kiwanja kilichopimwa. Inataka marejesho ya kila mwezi. Mfugaji wa Soitsambu hana mshahara, anaishi kwenye ardhi ya kijiji, na kipato chake kinakuja kwa msimu. Ana mali, pengine nyingi kuliko karani atakayemhudumia, ila mali hiyo ina miguu na benki haijui kuiandika. Ng'ambo ya mpaka, Narok, ndugu zake wana hadithi inayofanana: Kenya inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu zinazoombwa kupitia mtandao wa Boma Yangu. Jina ni la kifugaji, lakini kinachojengwa kwa wingi ni ghorofa, na ghorofa haina zizi.

Mara moja katika kizazi hiki serikali ya Tanzania imewajengea wafugaji wa Ngorongoro nyumba kwa wingi, tena bure. Mpango huo ulianza Juni 2022, familia za kwanza zilipoondoka kwenye Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ekari 2.5, na shamba la ekari 5. Kwa upande wa ujenzi, ni kazi kubwa: Jeshi la Kujenga Taifa lilijenga mamia ya nyumba kwa muda mfupi, za tofali na bati, na baadaye ikatangazwa mipango ya nyumba nyingine maelfu Msomera, Kitwai na Saunyi. Aliyekuwa anadhani serikali haina uwezo wa kujenga vijijini amepata jibu.

Ila tuiseme bei yake pia. Ndani ya Hifadhi, tangu ilipoundwa 1959, mkazi hajengi nyumba ya kudumu apendavyo. Vifaa vinahitaji kibali. Kwa hiyo familia iliyotaka nyumba ya bati iliwekwa mbele ya chaguo ambalo hakuna mkopaji wa benki anayewekewa: nyumba bora ukihama, au mahali pako bila nyumba bora. Na ekari 5 ni shamba, si malisho. Kaya yenye ng'ombe 60 haiwezi kuishi kwa ekari 5 bila kuuza ng'ombe, na ikishauza inakuwa imebadilisha kazi. Wapo waliofurahia mabadiliko hayo, na haki yao iheshimiwe. Wengi walikataa, na haki yao pia iheshimiwe.

Soitsambu haimo katika mpango wa Msomera, kwa kuwa uliwalenga watu wa Tarafa ya Ngorongoro. Lakini Juni hiyohiyo ya 2022, Loliondo iliwekewa vigingi vya mipaka, na kilomita za mraba 1,500 za malisho ziligeuzwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, baadaye Pori la Akiba. Kulitokea vurugu, askari polisi aliuawa, wananchi walijeruhiwa na wengine kukimbilia Kenya. Athari yake katika biashara ya nyumba ni ya moja kwa moja. Malisho yakipungua, mifugo inapungua, na bati zinapungua. Tena mtu asiye na uhakika wa kubaki hamwagi zege. Anajenga kile anachoweza kubomoa na kuondoka nacho, na mlolongo mzima wa fundi, muuza mbao, mchimba mchanga na dereva wa Fuso unabaki mdogo. Wazee wanaokumbuka Operesheni Imparnati ya miaka ya 1970, wafugaji walipotakiwa kutulia vijijini na kujenga makazi ya kudumu, wana haki ya kuuliza makazi hayo yalikuwa ya kudumu hadi lini.

Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana mjini Arusha na viongozi wa jamii ya Wamaasai, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi ya Ngorongoro na nyingine ya uhamaji wa hiari. Kwa mwekezaji mdogo wa Soitsambu, mwenye mpango wa kufungua duka la bati au kununua mashine ya tofali, uamuzi utakaotokana na tume ya ardhi una uzito kuliko punguzo lolote la riba.

Programu za serikali zinazofika Soitsambu hazina neno nyumba katika majina yake. Ya kwanza ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa nchini, ikarudi Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo hutolewa kwa biashara, haujengi nyumba. Lakini fuata shilingi utaiona: kikundi cha kina mama kinanunua mbuzi waliokonda kiangazi, kinawanenepesha, kinauza, na gawio la mwisho wa mwaka linapanda juu ya paa. Kinachoumiza ni ratiba ya marejesho inayopangwa kwa mwezi. Mbuzi hanenepi kwa kalenda ya ofisi. Halmashauri ya wilaya ya wafugaji inapaswa kuwa na ujasiri wa kupanga marejesho mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za vuli na baada ya masika.

Ya pili ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Ruzuku kwa kaya maskini ni ndogo, na ajira za muda hulipa shilingi 3,000 kwa siku. Hakuna anayejenga kwa fedha hiyo moja kwa moja. Kazi yake ni kumzuia mama asiuze mtamba wake wa mwisho ili anunue unga, na mtamba huyo ndiye nyumba ya miaka mitano ijayo. Vikundi vya akiba vinavyoundwa pamoja na mpango huo vina thamani kuliko fedha yenyewe. Hilo wanawake wa Loliondo walilijua mapema: Baraza la Wanawake Wafugaji, PWC, lilianzishwa 1997 na wanawake wa hapahapa, na vikundi vyake vya kuweka na kukopa, VICOBA, vimefundisha wengi kudunduliza kwa pamoja na kukopeshana bila kumpigia mtu magoti.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Hati inaweza kuwa ya kikundi. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, jirani kabisa na Karatu, walipata ya kwao mwaka 2011, na tangu hapo vijiji kadhaa vya wafugaji vimetumia njia hiyo kulinda malisho. Kwa Soitsambu mpangilio unaofaa ni wa ngazi mbili: malisho yabaki ya pamoja chini ya hati ya kikundi, na eneo la makazi lipimwe, kila boma lipate hati yake, jina la mke likiandikwa sambamba na la mume. Aliyejenga enkaji kwa mikono yake miaka yote asikute nyumba ya bati imeandikwa jina la mtu mwingine.

Mbali na hati, kuna jambo moja ambalo halmashauri inaweza kulianza bila kusubiri Dodoma. Wakala wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umekuwa ukieneza mashine ya mkono ya kutengeneza tofali za kufungamana: udongo wa palepale, saruji kidogo, hazichomwi, hazimalizi miti, na ukuta wake unahitaji udongo kidogo wa kuunganishia. Mashine moja kwa kikundi cha vijana cha kila kijiji, inunuliwe kwa ile asilimia 4 yao, na tenda ya kwanza wapewe ya nyumba za walimu na vyoo vya shule za kata hiyohiyo. Fedha ya ujenzi ambayo sasa inaondoka na lori la mkandarasi ingelala Soitsambu, na mfuko mmoja wa saruji uliotozwa ushuru na kupigwa vumbi tangu Mto wa Mbu ungetoa tofali nyingi zaidi kabla haujaisha.