Gari la Mzigo Linanguruma Lakini Halivuti? Usikimbilie Kununua Spea

Wadau, leo tuongelee ugonjwa mmoja unaokula mitaji ya watu kimya kimya. Gari linawaka mara moja, likisimama limetulia, ukiwa mtupu mtaani linakwenda vizuri tu. Ngoja sasa upakie mzigo, ufike kwenye kilima au utake kulipita lori. Unakanyaga mafuta mpaka chini, gari linalia tu. Halivuti.

Mimi nina kirikuu, Suzuki Carry, nasambazia maji na soda kwenye maduka ya rejareja. Sio fundi. Ila gari la biashara litakufundisha utake usitake, na kwenye hili nimejifunza kwamba sababu ziko nyingi halafu dalili zinafanana. Fundi anayebahatisha anaweza kukubadilishia plagi Jumatatu, pampu Jumatano, sensa Ijumaa, na Jumamosi gari liko vilevile. Tuseme linakubakizia 40,000 kwa siku ukishatoa mafuta. Siku tano gereji ni 200,000 imeondoka kabla hujalipia hata spea moja, na wale wateja wako siku tano hizo wameshapata mtu mwingine wa kuwaletea. Kumrudisha mteja aliyeondoka ni kazi kuliko kununua pampu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa injini, hakikisha kwanza kwamba tatizo ni injini kweli.

Anza na mzigo wenyewe. Kirikuu inatengenezwa kwa kufuata sheria ya magari madogo ya Japani: injini isiyozidi cc 660, mzigo usiozidi kilo 350. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, yaani ukipanga katoni 19 umeshafika. Najua mtaani hakuna anayepakia 19. Lakini kama ulikuwa unabeba 30 na sasa umepanda hadi 45, usimlaumu fundi.

Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Ukitoka Dar usawa wa bahari ukafika Mbeya, ambako ni kama mita 1,700, umeacha njiani zaidi ya asilimia 15 ya nguvu na hakuna kilichoharibika.

Klachi ndo inayowadanganya wengi. Sauti ya injini inapanda lakini mwendo haupandi, mtu anasema injini imechoka. Kipimo chake ni bure kwa gari la gia za mkono: paki sehemu tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta hendibreki, weka gia namba tatu, kanyaga mafuta kidogo kisha achia klachi. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, usiichome zaidi.

Breki nazo. Ukitoka safari fupi sogeza mkono karibu na kila ringi ya tairi, bila kushika. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inagandia na injini inaburuta gari lililofungwa breki.

Na kuna hiki ambacho mafundi wengi hawakiangalii: pedeli ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, toa mpira wa eya klina, mtu mmoja akanyage pedeli mpaka mwisho, wewe chungulia kama kile kipepeo cha kuingizia hewa kinafunguka chote. Kebo ikilegea, au kapeti likijikunja chini ya pedeli, unaendesha gari la nusu mafuta bila kujua.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa tuingie kwenye injini. Naongelea ya petroli. Dizeli ina mambo yake ya tabo na nozeli.

Injini inataka vitu vinne: hewa, petroli, moto wa plagi, na njia ya kutolea moshi. Gari likiwa limesimama linahitaji kidogo kidogo cha kila kimoja, ndo maana linatulia. Ukikanyaga na mzigo nyuma, linahitaji vyote kwa wingi kwa wakati mmoja. Ni kama bomba la nyumba ya wapangaji. Usiku ukifungua peke yako maji yanatosha, asubuhi vyumba vyote vikifungua ndo unajua presha haipo. Kwa hiyo gari linalotulia likiwa limesimama halijathibitisha chochote.

Hewa ni rahisi. Toa eya klina, ishike kwenye jua. Mwanga usipopita, badilisha. Angalia pia mipira ya hewa kama imepasuka.

Petroli inahitaji utulivu. Dalili yake ni gari kuvuta vizuri mwanzoni, halafu kwenye kilima kirefu linaanza kuishiwa, ukipunguza mguu linapata nafuu. Hapo filta imeziba au pampu imechoka. Usikubali kununua pampu kabla ya kupima presha ya mafuta kwa geji, na ipimwe injini ikikanyagwa, maana ikiwa imetulia hata pampu mgonjwa inaweza kufaulu. Na kumbuka pampu inakaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Sisi tunaotembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima, tukiweka ya elfu tano tano, tunaiua pampu taratibu. Mafuta ya kwenye madumu barabarani nayo usiyaamini. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, lakini dumu la mtaani nani anajua limechanganywa na nini. Petroli yenye mafuta ya taa inafanya injini igonge ukikanyaga, na nguvu inashuka.

Plagi sasa. Ukikanyaga, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka. Koili iliyochoka au plagi yenye mwanya mpana itafanya kazi gari likiwa limetulia na itashindwa kwenye mzigo. Gari linakuwa kama linashtuka shtuka, linamisi. Hapa mashine ya kupimia inasaidia sana, ila ujue kuisoma. Ikiandika P0301, inasema silinda namba moja inamisi. Haijasema koili imekufa. Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, mwambie fundi ahamishe koili ya namba moja aiweke namba mbili, ya namba mbili aiweke namba moja, afute kodi, mkaendeshe. Ikija P0302, tatizo limehama na koili, nunua koili. Ikibaki P0301, koili yako ni nzima. Angalia plagi na nozeli ya hapo. Dakika kumi, gharama sifuri. Hivyohivyo na P0171: inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa mpira unaovuta hewa, inaweza kuwa pampu dhaifu, inaweza kuwa sensa chafu. Kodi ni mahali pa kuanzia kutafuta tu.

Taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, punguza mguu na usiendelee na safari ya mzigo. Maana yake inamisi vibaya, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega.

Na hapo ndo penye mambo. Masega yanakaa kwenye bomba la moshi, yana vitundu vidogo vidogo. Yakipokea petroli mbichi yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, vitundu vinaziba. Moshi ukikosa pa kutokea, hewa mpya haipati pa kuingilia. Kuna jirani yangu anauza vitunguu, gari lake lilifika mahali halivuki kilomita 50 kwa saa. Gereji ya kwanza wakamwambia injini imekufa, atafute hela ya oveholi. Alikuwa ameshaanza kuuza friji. Fundi wa pili, mzee mmoja wa maneno machache, alilegeza ile sensa ya oksijeni iliyoko kabla ya masega, akaendesha mita mia mbili. Kelele kama helikopta, lakini gari likavuta kama jipya. Masega yalikuwa yameziba. Friji lipo mpaka leo.

Ila huyo mzee hakuishia hapo, na hili ndo la kukariri: aliuliza masega yamezibwa na nini. Akakuta koili moja inamisi. Angebadilisha masega peke yake, mengine mapya yangekufa vilevile. Kipimo hicho kifanywe na fundi, injini ikiwa imepoa wakati wa kulegeza, na safari iwe fupi. Moshi unaotoka hapo ni moto mkali.

Jambo moja la kibiashara hapo hapo. Masega ya zamani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna watu wanayanunua. Fundi akikuambia yameziba yatolewe, muulize amejuaje, na yakitoka ondoka nayo. Ni mali yako. Wapo wanaopenda sana kusema "masega haya" kabla hata hawajapima.

Oveholi iwe ya mwisho kabisa, na isiguswe bila kupima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa koili vikatwe, pedeli ikanyagwe mpaka chini, kisha piga stata kila silinda na uandike namba. Silinda zikikaribiana na ziko kwenye kiwango cha gari hilo, injini yako ni nzima, rudini kwenye yale manne. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi, na hapo huenda ukafungua juu tu bila kugusa chini.

Kuhusu malipo, mimi napatana na fundi hivi: nakulipa hela ya kupima kama kazi kamili, hata usiponiuzia spea yoyote. Fundi asipolipwa kwa kupima, atajilipa kwenye spea. Akikubali, omba uwepo wakati anapima, piga picha ya geji na ya kioo cha mashine. Ukienda gereji nyingine una pa kuanzia, hulipii kipimo kilekile mara mbili.