Historia ya mtoto huanzia kwa nyanya

JIONI moja muhula wa kwanza, binti yangu aliye katika Gredi ya Nne alinijia jikoni akiwa na daftari na kalamu. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wamuulize mtu mzima wa familia maisha ya Nairobi yalikuwaje zamani. Wakati huo mimi nilikuwa nakatakata sukumawiki, ugali uko mekoni, na kichwani nahesabu nauli ya kesho.

"Andika kwamba zamani kulikuwa na miti mingi na magari machache," nikamwambia bila kugeuka.

Akaandika. Akapewa alama zote. Wala hakujifunza lolote.

Najua siko peke yangu. Wazazi wengi mjini tunalalamika kwamba mtaala huu wa umilisi umetugeuza wanafunzi. Leo mtoto anataka gundi na katoni, kesho anataka picha ichapishwe saibani saa mbili usiku. Somo la jamii ndilo hasa tunalolidharau. Hisabati tunailipia mwalimu wa ziada, Kiingereza tunakihimiza mezani, lakini historia tunaiona kama porojo za watu waliokufa.

Pengine tunalipiza kisasi. Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tulilijua somo hili kwa jina la GHC, yaani Jiografia, Historia na Uraia. Tuliimba miaka kama jedwali la kuzidisha: Vasco da Gama kufika Mombasa, 1498, Wareno kuanza kujenga Fort Jesus, 1593, ujenzi wa reli kuanza Mombasa, 1896, reli kufika Nairobi, 1899. Baada ya mtihani tuliyamwaga yote, tukabaki na Desemba 12, 1963, kwa sababu ni sikukuu.

Je, tulikosea wapi? Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, neno "zamani" ni chumba kimoja kisicho na ukuta. Ndani yake mna Vasco da Gama, mna dinosau, na mna siku ambayo mama yake alianza shule. Hawezi kuupima mwaka 1593 kwa sababu hana kamba ya kuupimia. Kamba hiyo ni watu anaowajua: yeye mwenyewe, kisha mama, kisha nyanya, kisha wazazi wa nyanya. Akishika hapo, polepole atafika hata Fort Jesus.

Ndiyo sababu somo lenyewe limepangwa lianzie karibu. Katika gredi za chini mtoto hujifunza kuhusu familia, shule na mazingira yake. Akifika Gredi ya Nne huanza kuijua kaunti yake, na baadaye nchi na majirani. Mpango huo ni mzuri, ila una tundu moja. Kitabu hakimjui nyanya yako. Mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini naye hamjui. Sehemu hiyo imeachiwa nyumbani, na nyumbani tunakatakata sukumawiki.

Likizo ya Aprili nyanya yangu alikuja kututembelea kutoka mashambani. Binti yangu, ambaye labda hakuridhika na miti yangu mingi, alimuuliza swali lile lile. Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akaanza.

Alikuwa na miaka tisa, sawa na kitukuu chake aliyekuwa amekaa mbele yake. Ilikuwa Jumamosi, Aprili 24, 1954, na familia yao ilikuwa ikiishi Eastlands. Alfajiri askari waliuzingira mtaa na kuwaamuru watu watoke nje. Baba yake alipandishwa lori akiwa amevaa kiatu kimoja. Hawakumwona tena kwa miaka minne.

Mimi niliusoma mkasa huo kwa jina la Operesheni Anvil. Najua kwamba serikali ya kikoloni iliwalenga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika vita dhidi ya Mau Mau, na kwamba zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Lakini hicho kiatu sikuwahi kukisikia.

"Nyanya, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, mjukuu wangu."

Binti yangu naye alikuwa na swali lake: "Kile kiatu kingine kilienda wapi?" Mama yake nyanya alikiweka chini ya kitanda, akawa anakipangusa vumbi, mpaka mwenyewe aliporudi.

Swali hilo la kiatu ndilo somo la historia. Mtoto alitaka ushahidi. Mwaka 1954 sasa una mtu, una kitanda, una vumbi. Hataukariri, na hatausahau.

Kuna wazazi watakaouliza kama ni vyema kumsimulia mtoto mdogo mambo ya uchungu. Wasiwasi huo una msingi, hasa katika nchi iliyopoteza zaidi ya watu 1,000 kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Lakini tukinyamaza, mtoto atayasikia kwenye matatu au uwanjani, tena yakiwa yametiwa sumu ya kikabila. Mwambie ukweli kwa kipimo cha umri wake. Taja aliyefanya na alichofanya, usilaumu kabila zima. Mweleze pia kuhusu majirani waliofichana na kulishana.

Mengine hayahitaji pesa. Mnapokuwa mjini, msimamishe kando ya sanamu ya Tom Mboya katika Moi Avenue, umwambie kwamba aliuawa kwa risasi karibu na hapo Julai 5, 1969, wakati barabara hiyo ikiitwa Government Road. Mwulize kwa nini barabara hubadilishwa majina. Mkipita Harry Thuku Road, mwambie kwamba Machi 1922 umati ulikusanyika kudai Thuku aachiliwe kutoka kizuizini, ukamiminiwa risasi, na Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Nyumbani, toeni picha za zamani, andikeni nyuma yake majina na miaka. Mpe mtoto simu arekodi sauti ya nyanya.

Ila usikawie. Vitabu vya shule vitachapishwa tena mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Nyanya yangu amepita miaka themanini, na kila likizo anapoondoka kurudi mashambani, binti yangu hubaki na orodha ya maswali ambayo hayajaulizwa. Sasa tunayaandika kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata ule wa miti mingi na magari machache.