Cheche: jarida la wanafunzi wa Mlimani lililoishi mwaka mmoja na kuacha moto

Ukitoka Kunduchi Mtongani kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unapanda daladala mpaka Mwenge, halafu unachukua nyingine ya kupandisha mlimani. Wanafunzi wengi waliopanga vyumba huku kwetu wanaifanya safari hiyo kila siku, simu mkononi, wanasoma habari na kubishana kwenye magrupu.

Sasa, wengi wao hawajui kwamba kwenye kilima hicho, zaidi ya miaka 50 iliyopita, vijana wa umri wao walitoa jarida la karatasi za kudurufu. Halikuwa na rangi wala picha za kuvutia. Lakini lilisomwa, likabishaniwa, likafika hadi kwa wakubwa wa nchi, na lilipotimiza mwaka mmoja likapigwa marufuku.

Jarida hilo liliitwa Cheche.

Hebu turudi nyuma kidogo

Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia kule mlimani. Kufika chuo kikuu wakati ule ilikuwa kama kushinda bahati nasibu: chumba chako, chakula cha mezani, na kazi ya serikali inakusubiri ukimaliza.

Ndiyo maana mwaka 1966 kulitokea kisa ambacho wazee wa Dar bado wanakikumbuka. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Hapohapo akaupunguza na mshahara wake mwenyewe. Kwa mwananchi wa kawaida picha ilikuwa moja tu: wasomi wa Mlimani ni watoto wa kula bata.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Benki na makampuni makubwa yakataifishwa. Novemba mwaka huohuo baadhi ya wanafunzi wakaunda kundi lao la kimapinduzi, lililojulikana kwa kifupi kama USARF. Halikuwa la Watanzania peke yao, maana chuo kilikuwa na vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi mmoja kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo unayemjua.

Hawa vijana hawakuwa wa maneno tu. Jumapili, wenzao wakiwa wamepumzika, wao walikuwa na darasa la kujisomea siasa na uchumi. Na mwaka 1968 waliivamia sherehe moja ya wanafunzi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza: wanafunzi wanavaa matambara na kuzunguka mjini wakichekesha watu ili wachangishe fedha za maskini. USARF wakasema huo ni utani kwa maskini, si msaada. Wakazuia msafara usiondoke, na sherehe ile ikafa.

Jarida lilivyotengenezwa

Toleo la kwanza la Cheche lilitoka Novemba 1969. Lilikuwa la USARF kwa kushirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU hapo chuoni. Kwenye uhariri walikuwepo Karim Hirji, mwanafunzi wa hesabu, Henry Mapolu, na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya fedha Tanzania.

Kwa msomaji wa leo anayebonyeza "tuma" na maneno yakafika Mwanza kwa sekunde moja, inabidi kueleza kazi yenyewe. Unachukua karatasi maalumu yenye nta, stensili, unaiweka kwenye taipureta bila utepe wa wino. Kila herufi unayopiga inatoboa nta. Ukikosea, unapaka dawa, unasubiri ikauke, unapiga upya. Halafu stensili inafungwa kwenye pipa la mashine lenye wino, unazungusha, karatasi zinatoka mojamoja. Stensili ikichoka herufi zinafifia, basi. Baada ya hapo mnakaa mezani kupanga ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, nakala baada ya nakala, mnabana pini. Makala ya kurasa 30 inakula mikono na usiku.

Nadhani hilo lilichangia ubora. Mtu hatumii usiku mzima kuzungusha mashine kwa ajili ya kitu ambacho hakiamini.

Toleo hilo la kwanza lilikuwa na makala ya Walter Rodney kuhusu kazi na jasho la Mwafrika chini ya ubepari na ubeberu. Rodney alikuwa mhadhiri wa historia kutoka Guyana. Serikali ya Jamaica ilikuwa imemzuia kurudi nchini humo Oktoba 1968, naye akarejea Dar kufundisha. Watu humwona kama mwalimu, na wanafunzi kama wafuasi wake. Lakini ukifungua dibaji ya kitabu chake kilichomfanya ajulikane dunia nzima, How Europe Underdeveloped Africa, cha mwaka 1972, utakuta anawashukuru wanafunzi wawili wa Dar es Salaam waliosoma muswada wake na kuukosoa. Majina yao: Karim Hirji na Henry Mapolu. Wahariri wa Cheche haohao.

Yaani kitabu ambacho leo kinafundishwa vyuo vya Marekani na Ulaya kilipitia kwanza kwenye kalamu za wanafunzi wa kilima kile ambacho vijana wa Kunduchi wanakipanda kwa daladala.

Makala iliyowasha moto

Toleo la Julai 1970 lilikuwa na makala ya Museveni kuhusu miaka yake mitatu Tanzania. Lakini kishindo kilikuja Septemba. Jarida lilitoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya kijana wa miaka 24 kutoka Kilosa, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kimyakimya ya kitabaka nchini Tanzania.

Hoja yake, kwa lugha ya kawaida, ilikuwa hivi. Tumetaifisha benki na viwanda, sawa. Lakini nani anaviendesha? Makampuni yaleyale ya nje bado yamo kwa mikataba ya menejimenti, yanauza mashine, yanalipwa ada. Na huku ndani kuna kundi jipya la wakubwa wa serikali na mashirika ambalo linaanza kuwa na maslahi yake, tofauti na ya mkulima na mfanyakazi. Mali imebadilishwa jina kwenye karatasi, je, mwenye nayo kweli ni mwananchi?

Kumbuka ilikuwa miaka mitatu tu baada ya Azimio. Kuuliza swali hilo hadharani, tena ukiwa mwanafunzi unayesomeshwa na serikali hiyohiyo, haikuwa kazi ndogo. Na hawa hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Walikuwa wanautaka ujamaa kuliko walioutangaza, na hapo ndipo palipouma.

Kufutwa, na suala la jina

Novemba 1970 amri ikatoka: USARF ivunjwe, Cheche isitoke tena. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, kulikuwa tayari na Umoja wa Vijana wa TANU, hivyo hapakuwa na haja ya kundi jingine. Pili, jina. Gazeti la Lenin liliitwa Iskra, maana yake cheche. Nkrumah naye Ghana alikuwa na gazeti lake lenye maana hiyohiyo. Basi ikaonekana jina hilo linaweza kuwafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi, wakati sisi tuna itikadi yetu wenyewe.

Ni kweli vijana walilichukua jina kwa kuwafuata wale wawili, hawakuficha. Lakini ukumbi mkubwa wa chuo hichohicho, ule uliokuwa umechorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500, unaitwa Nkrumah mpaka leo. Kwa hiyo mimi naona jina lilikuwa kisingizio kizuri kuliko sababu.

Jibu la wanafunzi ndilo linalonifurahisha zaidi kwenye hadithi hii. USARF ilikufa, lakini tawi la Umoja wa Vijana wa TANU lilikuwepo kihalali. Mwanzoni mwa 1971 wakatoa jarida jipya kupitia tawi hilo, wahariri wengi walewale, hoja zilezile. Wakaliita MajiMaji.

Nani angethubutu kusema Maji Maji ni ya kigeni? Ni vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907. Tena jina hilo lilikuwa hewani pale chuoni. Idara ya historia ilikuwa imetoka kuwatuma wanafunzi vijijini mwaka 1968 kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivyo. Na Ebrahim Hussein, naye mwanafunzi wa hapohapo upande wa sanaa za maonyesho, alikuwa ametoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, ambayo watoto wetu wameisoma shuleni vizazi kwa vizazi.

Hapo ndipo unaona jarida halikuwa kisiwa. Mwanafunzi mmoja anaandika uchambuzi wa uchumi, mwingine anaandika tamthilia, mwingine anarudi kutoka kijijini na daftari la simulizi za wazee. Wote wanakula kantini moja na wote wanauliza jambo moja: tulipigana ili iweje?

MajiMaji iliendelea kwa miaka. Mwaka 1973 Mapolu aliandika humo kuhusu harakati za wafanyakazi Tanzania, wakati ambapo wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel hapa Dar walikuwa wamemfungia nje mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Makala ya Shivji nayo haikufa na Cheche. Ilichapishwa tena kama kitabu na Tanzania Publishing House, na mwaka 1976 akaikuza zaidi katika kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka nchini.

Na mwaka 2020, Shivji huyohuyo, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, walitoa wasifu wa Mwalimu Nyerere wa juzuu tatu. Kijana ambaye toleo lake lilitangulia kufungwa kwa jarida kwa miezi miwili tu ndiye aliyekuja kuandika maisha ya rais wa wakati huo.

Kasoro ambayo haisemwi sana

Pamoja na sifa zote hizo, kuna jambo linanikereketa. Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa Kiingereza.

Fikiria mvuvi wa Kunduchi Pwani mwaka 1970, anaukokota mtumbwi wake alfajiri. Au mama anayegonga kokoto machimboni Mtongani juani kutwa. Hao ndio waliokuwa wakiandikwa: wavuja jasho. Kurasa zilijaa habari zao, nao wasingeweza kuzisoma hata kama nakala ingewafikia mkononi. Tamthilia ya Kinjeketile waliielewa, maana ilikuwa kwa Kiswahili. Uchambuzi wa Septemba 1970 ulibaki kwa waliopita sekondari.

Si kwamba vijana wale walidharau Kiswahili. Walisomeshwa kwa Kiingereza, vitabu walivyovisoma vilikuwa kwa Kiingereza, na kati yao wapo waliotoka nchi ambazo Kiswahili hakizungumzwi. Lakini gharama yake ni kwamba ubishi mkubwa kuliko wote kuhusu wafanyakazi na wakulima wa Tanzania ulifanyika kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Wakubwa ndio waliouelewa vizuri, na ndio walioufunga.

Na leo?

Mashine ya kudurufu haipo tena. Mwanafunzi anaweza kuandika kitandani kwake Kunduchi na kusomwa Oman. Vikwazo vimebadilika sura tu: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, kwa mfano, zilimtaka hata mwenye blogu awe na leseni ya kulipia. Jarida la stensili lilihitaji rimu za karatasi na watu wa kukesha.

Kama unataka kusoma mwenyewe, matoleo ya zamani yanatafutwa kwenye makusanyo ya Afrika Mashariki katika maktaba ya chuo. Njia rahisi zaidi ni kitabu ambacho Karim Hirji alikihariri pamoja na wenzake wa enzi zile na kukitoa mwaka 2010 kupitia Mkuki na Nyota, kikisimulia jarida lilivyozaliwa mpaka lilivyofungwa. Jina lake ni Cheche. Nacho kimeandikwa kwa Kiingereza.