Moto Ndani ya Mwili wa Mgonjwa wa Korona

Mama anayeuguza hujiuliza: homa ilianza kidogo tu, mbona wiki ya pili mgonjwa anakosa pumzi? Swali hilo lilisikika katika nyumba nyingi mwaka 2020 na 2021. Korona bado ipo, ingawa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili askari wake. Mwiba ukikuchoma kidole, kidole huvimba, hupata joto na kuuma. Ni askari hao wanafanya kazi. Wataalamu huita hali hiyo mchochota. Kidoleni inafaa. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa korona askari huzidisha vita, na vita yenyewe hupiganwa mapafuni. Vifuko vya hewa hujaa majimaji, damu huganda katika mishipa midogo, na oksijeni hupita kwa shida.

Ndiyo sababu mgonjwa aliyelazwa hutolewa damu kupima CRP, protini inayotengenezwa na ini. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 10 kwa lita. Ikipanda sana, hatari nayo huongezeka. Hata hivyo, dada, kipimo hicho si hukumu ya kifo! Daktari hukitazama pamoja na umri, oksijeni, kisukari na shinikizo la damu.

Juni 2020 watafiti wa Uingereza, katika utafiti ulioitwa RECOVERY, walionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotuliza mchochota, huokoa maisha. Kati ya wagonjwa 100 waliopumua kwa mashine, walikufa kama 41 bila dawa hiyo, na 29 walipoipata. Waliokuwa wakiongezewa oksijeni bila mashine nao walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo. Wale wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia, na huenda iliwadhuru.

Kwa hiyo wale wanaonunua vidonge hivi dukani ili kutibu mafua ya watoto au ya baba nyumbani wanacheza na hatari. Hupandisha sukari na kuwadhoofisha askari wale wale wanaohitajika mwanzoni mwa ugonjwa.

Mgonjwa akipumua haraka akiwa amelala tu, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi au akili ikichanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.