Mama, Naomba Spiriti Nitoe Rangi ya Gari Langu

Iko siku mwanao wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu atakujia jikoni na gari la plastiki mkononi, akuombe spiriti, au thina, au hata ile kostiki soda unayotengenezea sabuni. Ukimwuliza ya nini, atakujibu kwamba anataka kutoa rangi ya zamani ili apake mpya. Wengi wetu hujibu haraka haraka. Ama tunasema, "Ondoka na uchafu wako hapa," ama tunasema, "Chukua, iko chini ya meza." Jibu la kwanza linamfukuza mtoto kwenye kazi nzuri ya mikono. La pili linaweza kumpeleka hospitali, yeye au mdogo wake.

Kuna jibu la tatu, nalo linahitaji mama aelewe kidogo kazi yenyewe.

SI VIGARI VYA KUSUKUMA MCHANGANI

Magari tunayoyazungumzia huuzwa katika boksi yakiwa vipande vipande. Mwenye kununua huviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi, mpaka apate gari linalofanana kabisa na la barabarani, ila urefu wake ni sehemu moja ya 24 au 25 ya gari lenyewe. Kampuni za Marekani kama AMT na Revell zilikuwa zikiyauza tangu miaka ya 1950, na baadaye Tamiya ya Japani ikajulikana sana kwa kazi hiyo hiyo. Kwetu si vitu vya kila duka. Huja na mjomba aliyetoka ng'ambo, au hutokea kwenye marobota ya mitumba ya vitu vya watoto, au familia ya wamisionari huyaacha inaporudi kwao.

Kwa kuwa yamepita mikononi mwa wengine, mara nyingi yamekwisha kupakwa rangi, tena vibaya. Rangi ni nene, imechuruzika, imeziba mistari ya milango na vishikio vyake. Mtoto akipaka nyingine juu yake, gari linakuwa kama limefunikwa ugali. Ndiyo maana anataka kuitoa ya zamani kwanza, na katika hilo ana akili kama fundi yeyote wa gereji.

Akina mama wengine huona huu ni mchezo wa kupoteza muda. Mimi sioni hivyo. Kijana anayeweza kusubiri siku mbili rangi ilainike bila kuikwangua kwa kisu anajifunza subira ambayo hatuwezi kumfundisha kwa maneno. Hata Bwana wetu alikulia katika nyumba ya seremala, penye vumbi na vifaa vyenye makali.

PLASTIKI INAYOYEYUKA

Bodi ya magari haya kwa kawaida ni plastiki iitwayo polistairini. Unaifahamu. Ni ile ya kalamu za Bic zinazopenya mwanga. Hata ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la televisheni ni polistairini iliyojazwa hewa. Aliyewahi kuona petroli ikimwagikia ile nyeupe anajua jinsi inavyonywea na kuwa uji. Bodi ya gari haitayeyuka upesi kiasi hicho, lakini itavimba, italainika na kupoteza umbo.

Kwa hiyo petroli isiguse gari hilo, wala thina, wala dawa ya kufutia rangi ya kucha, ambayo mara nyingi ni asetoni. Dawa kali za kutolea rangi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni mbaya zaidi. Baadhi zimetengenezwa kwa dikloromethani, ambayo huyeyusha plastiki na mvuke wake umeua watu waliofanya kazi katika vyumba visivyo na hewa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia wananchi wa kawaida dawa za kutolea rangi zenye kitu hicho. Usiiruhusu nyumbani kwako kwa kazi hii.

Maji ya moto nayo yana hila yake. Polistairini hulegea inapokaribia nyuzijoto 100, ndiyo kusema maji yaliyotoka kuchemka yanaweza kupinda paa la gari. Maji ya vuguvugu yanatosha.

SPIRITI NA SUBIRA

Kati ya vyote anavyoweza kuomba, spiriti ndiyo ninayoweza kumpa mtoto mkubwa, tena nikiwa karibu. Spiriti ya aisopropili, au spiriti ya kawaida ya kusafishia vidonda, haiyeyushi polistairini, bali hulainisha rangi nyingi. Rangi za kisasa za maji huachia baada ya saa moja au mbili. Zile za mafuta huchukua usiku mzima, pengine siku mbili.

Kwanza atoe vioo, matairi na taa. Vioo vya plastiki vinaweza kupata nyufa ndogo ndogo ndani ya spiriti. Kisha ajaribu tone moja kwa pamba upande wa ndani wa paa, mahali pasipoonekana, asubiri nusu saa. Plastiki ikibaki ngumu na laini bila kunata, alitumbukize gari katika chupa pana ya kioo yenye mfuniko. Chombo hicho kisirudi jikoni tena, hata ukikiosha mara saba.

Rangi ikianza kujikunja kama ngozi ya nyanya iliyotiwa maji ya moto, atoe gari na kulisugua kwa mswaki wa zamani, akiwa na glavu, chini ya mti au kwenye baraza yenye upepo. Itakayobaki kwenye mistari arudishie tena chupani. Asiikwangue kwa wembe wala msumari, kwa kuwa michirizi ataiona hata baada ya rangi mpya. Mwishoni alioshe kwa sabuni ya maji na kuliacha likauke kivulini.

Hapa mama usimame imara juu ya jambo moja: moto. Mvuke wa spiriti hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, na hutambaa chini mpaka ulipo moto. Jiko la mkaa, mshumaa, taa ya kibatari, sigara ya jirani, vyote viwe mbali. Kazi hii haifanyiki jikoni na haifanyiki usiku umeme ukikatika.

Kuna rangi zisizotoka kwa spiriti, hasa zile za kupuliza za magari ya kweli. Siku mbili zikipita bila dalili, mwambie kijana aache. Gari lenye rangi mbaya halimdhuru mtu.

BABA NA MAFUTA YA BREKI

Huenda mzee wa nyumba, kama anafahamu gereji, akasema mafuta ya breki ndiyo dawa. Ni kweli kwamba watengenezaji wengi wa modeli wameyatumia kwa miaka mingi. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 huinua rangi ya mafuta bila kuyeyusha polistairini. Lakini ni sumu, na hupita kwenye ngozi. Tena yakiisha kutumika hayafai kumwagwa popote, si kwenye mfereji wala karibu na kisima. Zungumza na baba watoto kwa upole jioni akiwa amepumzika, si mbele ya mtoto. Akishikilia, basi kazi hiyo ifanyike gereji, aifanye yeye mwenyewe, na mabaki yakae hukohuko pamoja na mafuta machafu.

Kostiki soda nayo hutoa rangi bila kuharibu plastiki hii, na kwa sababu hiyo wapo wanaoisifu. Mimi nasema hapana, bila majadiliano. Tone moja jichoni linaweza kupofusha. Tena sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini huku ikitoa gesi inayoweza kulipuka. Anayetaka kuondoa ile kromu inayong'aa kwenye bampa atumie Jik kidogo, peke yake, wala asiichanganye na spiriti au siki au kitu kingine chochote, maana mvuke wake huwa sumu.

RANGI YA ZAMANI YENYEWE

Tumesema ya dawa. Tusisahau kile kinachotolewa. Zamani rangi nyingi za njano, za chungwa na nyekundu zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilikataza rangi yenye risasi kupita kiasi kwenye vitu vya watoto mwaka 1978, lakini gari la boksi la mwaka 1965 bado lipo duniani na linaweza kuwa kwenye robota lako. Wala si mambo ya kale tu. Agosti 2007 kampuni ya Mattel iliwataka wazazi wa Marekani warudishe vigari vya chuma vipatavyo 253,000 vilivyoitwa Sarge, kwa sababu rangi yake ilizidi kiwango cha risasi.

Risasi haina harufu. Huingia kwa vumbi na kwa vidole, na humdhuru zaidi mtoto mdogo ambaye ubongo wake unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama mjamzito, hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo wewe ukiwa mjamzito, simamia kwa mbali, usisugue. Mtoto asipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani hata siku moja. Atandike magazeti, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na nguo alizovaa zifuliwe peke yake.

Na kama kigari chenyewe ni cha mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni, usihangaike kutoa rangi. Kama rangi inabanduka na hujui kilikotoka, kitupe.

Mabaki ya spiriti yaachwe yatulie. Ya juu iliyo safi hutumika tena. Tope la chini limwagwe juu ya maranda au magazeti nje, likauke mbali na kuku na watoto, kisha lifungwe kwenye mfuko na kutupwa na takataka.

CHUPA YA SODA

Sasa nirudi kwenye jambo linaloniogopesha kuliko yote. Spiriti imebaki nusu, na mtoto mwenye bidii anaimimina kwenye chupa ya soda ili isipotee. Kesho yake mdogo wake, amechoka na jua, anaiona. Hivyo ndivyo watoto wetu wanavyokunywa mafuta ya taa, na hivyo ndivyo wanavyokunywa kostiki, ambayo huunguza koo mpaka mwingine hushindwa kumeza chakula kwa miaka mingi. Kila dawa ikae katika chupa iliyokuja nayo, yenye karatasi yake, kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo uwe kwako.

Ikitokea mtoto amemeza, usimtapishe. Usimpe mawese, mayai mabichi wala maji ya chumvi, ingawa majirani watakushauri hivyo, kwa kuwa kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Msukutulie mdomo. Ikiwa ni jichoni, mmiminie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, jicho likiwa wazi, hata akilia. Kisha mkimbize hospitali, hata kama anaonekana hajambo, na uibebe ile chupa yenyewe ili daktari aone alichokunywa.