Vali Isiyoonja Maji

Msomaji wetu mmoja anayefuata nguo za jumla Liuhua, jirani na stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, ameuliza jambo lisilohusu nguo kabisa. Amekuta vipuri vya maikrofoni ya kondensa yenye vali, ile taa ya kioo ya redio za zamani, vinauzwa kwa bei ya kutupa. Anataka kujua kama kijana mwenye studio ya chumbani Kariakoo anaweza kuviunga mwenyewe akapata kitu cha maana. Swali limetoka mahali pake, kwa kuwa Enping, mji unaojulikana China nzima kwa kutengeneza maikrofoni, umo katika mkoa huohuo wa Guangdong. Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa sababu wanayoitaja wauzaji. Wao husema vali hutia “joto” katika sauti. Mimi nasema sifa yake kubwa ni kwamba haionji inachokipima.

Kwanza, neno. Kondensa ni kapasita, na “kapasita” limeshazoeleka vitabuni, sina ugomvi nalo. Lakini Kiswahili kina kulimbika: anayelimbika maji husubiri yajikusanye kidogo kidogo kabla ya kuyateka. Kifaa cha kukusanya chaji kingeitwa kilimbiko, jina lingeeleza kazi yenyewe. Na “kipaza sauti” je? Hapo tuliteleza, maana kifaa hiki hakipazi kitu, kinasikiliza. Ipazayo ni spika. Basi nitasema maikrofoni, na kilimbiko nitakitumia hata kama wahariri watanuna.

Ndani ya maikrofoni hii kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, mwembamba kwa maikroni chache tu, umetandazwa mbele ya bamba la shaba nyeupe au nyekundu kwa mwanya usiofikia unene wa unywele. Utando na bamba ndio kilimbiko chetu, cha pikofaradi 60 hivi. Kikitiwa volti 60 kinabeba elektroni bilioni 22, idadi inayotisha masikioni tu: mkondo wa maikroampea moja ungezimaliza zote kabla sehemu moja ya mia mbili ya sekunde haijapita. Sasa fikiria kiriba cha maji kilichosimamishwa wima. Utando ukisogea mbali na bamba ni kama kiriba kimebanwa: maji ni yaleyale, kina kinapanda. Ukikaribia bamba, kiriba kinatanuka na kina kinashuka. Kina hicho ndicho volti, na kupanda na kushuka kwake ndiyo sauti ya mwimbaji. Lakini kiriba kikiwa na ufa, mambo yanageuka. Kibane upesi, kama inavyofanya sauti nyembamba, na kina kitapanda kabla maji hayajawahi kutoka. Kibane polepole, kama inavyofanya besi, na maji yatapenya ufani huku unabana, kina hakitikisiki. Ndiyo maana maikrofoni inayovuja haikosi sauti yote, inakosa kifua. Hesabu inakubali: ukiunganisha kilimbiko hiki na saketi ya kawaida yenye ukinzani wa megaomu 1, kila kilicho chini ya hezi 2,600 hivi kinaanza kupungua, na sauti ya mwanamume karibu yote imo humo. Weka gigaomu 1, yaani omu bilioni moja, na mpaka unashuka hadi hezi 2.6, chini ya sikio la binadamu yeyote.

Ndipo inapoingia vali. Gridi yake, wavu mdogo wenye volti hasi, imesimama katikati ya mto wa elektroni zinazotoka kathodi kwenda anodi. Kwa kuwa ni hasi inazisukuma mbali, kwa hiyo karibu hakuna inayotua juu yake; hata hivyo kila gridi inapobadilika kidogo, mto mzima unapungua au kuongezeka. Ni mlinzi anayechungulia kiriba na kutangaza kina kwa sauti kubwa bila kuchota hata tone.

Kuna watakaosema kwamba transista aina ya FET hufanya vivyo hivyo, na kampuni ya Neumann iliitumia katika maikrofoni yake U87 tangu 1967. Ni kweli, na hilo linaipa nguvu hoja yangu: ikiwa vitu viwili tofauti kiasi hicho vinafanya kazi ileile, siri haimo katika jina la vali. Wengine watataja maikrofoni U47 ya 1949 na vali yake VF14 ya Telefunken, ambayo leo watu huisaka kama kito. Waisake. Vali ya Kichina 6J1, ndugu wa 6AK5 ya Marekani, nayo haionji, alimradi gridi yake haivuji. Fedha iliyobaki iende kwenye utando na transfoma ya kutolea sauti. (Umeme wa ndani unapita volti 100; zima, subiri, ndipo uguse.)

Pingamizi zito ni unyevu, maana hewa ya Dar es Salaam ina unyevu kama ya Guangzhou, na unyevu juu ya uchafu ndio ufa wenyewe. Kwa hiyo pale gridi, rezista ya gigaomu na waya wa utando vinapokutana, visilazwe kwenye ubao wa saketi. Viungwe hewani, au juu ya kigingi cha Tefloni, kisha visafishwe kwa spiriti ya isopropili. Rezista hiyo ishikwe kwa koleo, miguuni mwake. Chumvi ya jasho la kidole kimoja inatosha kuupunguza ukinzani wake.