Kijana anapochomoa chujio la hewa la pikipiki, nyumba nzima hulipa

Saa 11 alfajiri mtoto wa miezi 8 anashtuka usingizini na kuanza kulia. Hajashtushwa na njaa. Baba yake amewasha pikipiki sebuleni, inakolala kwa kuhofia wezi, na anaiacha ingurume dakika chache ipate moto kabla ya kuitoa nje. Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa ya kawaida. Sasa imekuwa nzito na kali, kwa sababu fundi amechomoa chujio la hewa na kutoboa ekzosi ili "ipumue vizuri".

Ni picha inayojirudia katika nyumba nyingi ambazo bodaboda ndiyo inayoleta unga, ada na kodi ya pango. Vijana huambiana kijiweni kwamba pikipiki isiyo na chujio huchomoka haraka, hupanda mlima bila kulegea na hupita wengine kwenye foleni ya abiria. Kwa vile kazi yenyewe huchukua dakika 10 na bisibisi moja, wengi hawaoni sababu ya kuuliza mara mbili.

Mzazi anayesikia habari hizi huona ni mambo ya mafundi, hayamhusu. Lakini hewa inayoingia kwenye injini na moshi unaotoka vinagusa masikio ya kijana, mapafu ya watoto na pesa ya familia.

Injini inavyopumua

Injini ya petroli haichomi mafuta peke yake. Ili gramu 1 ya petroli iungue vizuri, inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya viwili hivyo kwa kipimo, na matundu madogo ndani yake, ambayo mafundi huyaita jeti, yamechaguliwa na kiwanda yakiendana na chujio na boksi lake.

Boksi hilo, ambalo mafundi wengi huliita eakilina, lina kazi tatu. Huzuia vumbi, hutuliza hewa kabla haijafika kwenye kabureta, na hupunguza mngurumo wa injini inapovuta hewa. Ndiyo maana likitolewa sauti hubadilika papo hapo, na wengi hudhani wameongeza nguvu kumbe wameongeza kelele.

Ni kweli kwamba hewa nyingi zaidi inaweza kuongeza nguvu. Wanaotengeneza pikipiki za mashindano hufanya hivyo, ila hubadilisha pia jeti, ekzosi na mara nyingine sehemu za ndani ya injini, kisha hupima matokeo. Nguvu wanayoipata hujitokeza zaidi injini inapozunguka kwa kasi kubwa sana. Pikipiki ya cc 125 au 150 inayobeba abiria, yenye nguvu ya farasi zipatazo 10 hadi 12, hutumia sehemu kubwa ya siku kwenye mwendo wa chini na wa kati, ikisimama na kuondoka. Huko ndiko mabadiliko ya kubahatisha huiharibu: hukosa nguvu ya kuondokea, hukohoa na hupiga baruti.

Chujio likitolewa bila kugusa jeti, hewa huzidi na petroli hupungua. Injini huchemka kupita kiasi, na joto hilo likiendelea linaweza kuunguza valvu na hata pistoni. Fundi akijaribu kurekebisha kwa kupanua jeti kwa sindano au waya, mara nyingi huruka upande wa pili: petroli huzidi, plagi hujaa masizi, moshi mweusi hutoka na tenki huisha mapema.

Vumbi linalokula mkataba

Hasara kubwa zaidi hukaa kimya kwa miezi. Vumbi la barabara za mitaani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vyuma vingi vilivyo ndani ya injini. Pasipo chujio, chembe hizo huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuikwaruza kama msasa. Ringi hulika, mgandamizo hupungua na oili huanza kupanda juu na kuungua.

Dalili yake ni moshi wa bluu na oili inayopungua kila siku bila kuvuja. Hapo hakuna tena suala la kusafisha. Injini inafunguliwa, silinda inachongwa au kubadilishwa, pamoja na pistoni na ringi.

Kwa kijana mwenye pikipiki ya mkataba, siku injini inapokuwa mezani kwa fundi hesabu ya tajiri haisimami. Wapo wazazi waliochukua mkopo wa kikundi ili mtoto apate chombo. Kwao, pikipiki inayokufa kabla mkataba haujaisha ni deni linalobaki bila chombo cha kulilipa.

Hata kabla ya hapo, petroli inaondoka. Kijana akitumia nusu lita zaidi kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni lita 13 kwa mwezi. Mzazi azidishe kwa bei ya lita katika kituo cha mtaani kwake, kisha alinganishe na bei ya chujio jipya.

Masikio hayarudi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Kwa watoto kiwango hicho ni desibeli 75. Sauti ikipanda, muda hupungua kwa kasi: kwenye desibeli 90, mtu mzima hubakiwa na takriban saa 4 tu kwa wiki nzima.

Pikipiki iliyochomolewa chujio na kutobolewa ekzosi inaweza kufikia desibeli 90 na zaidi kwa aliye karibu nayo. Dereva huwa juu yake tangu alfajiri hadi usiku. Saa 4 zake za wiki anaweza kuzimaliza kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa kwa kelele hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Dalili za mwanzo ni ndogo kiasi cha kupuuzwa: masikio kuvuma usiku, kuongeza sauti ya televisheni, kusema "eti?" mara kwa mara, kupaza sauti kwenye mazungumzo ya kawaida. Mama ndiye huwa wa kwanza kuziona, na mara nyingi hudhani kijana ameanza kiburi.

Kwa dereva kuna hatari nyingine. Asiyesikia vizuri hasikii honi ya lori nyuma yake.

Moshi ndani ya nyumba

Jambo hili ndilo linaloweza kuua kwa usiku mmoja. Petroli isipoungua vizuri hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo viungo hukosa hewa hata kama mtu anaendelea kupumua. Pikipiki yenye mchanganyiko uliozidi petroli, iwe ni kwa sababu ya jeti iliyopanuliwa au chujio lililoziba kwa uchafu, hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi.

Hakuna pikipiki ya petroli, hata mpya, iliyo salama kuwashwa ndani ya chumba, sebule au korido. Kufungua mlango peke yake hakutoshi.

Walio hatarini zaidi ni watoto, kwa kuwa hupumua haraka kuliko watu wazima, na wajawazito, kwa kuwa gesi hiyo humfikia mtoto tumboni. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Wengi huzifananisha na malaria au uchovu wa kukosa usingizi. Kinachotofautisha ni kwamba watu kadhaa wa nyumba moja huumwa kwa wakati mmoja na hupata nafuu wakitoka nje.

Likitokea hilo, zima injini, toeni watu wote nje kwenye hewa safi na muwahi kituo cha afya. Mweleze mhudumu kwamba pikipiki iliwashwa ndani, kwa sababu bila taarifa hiyo anaweza kuanza na kipimo cha malaria.

Petroli kwenye chupa ya soda

Vijana wengi husafisha chujio na kabureta nyumbani, petroli au mafuta ya taa yakiwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto wa miaka 2 haoni petroli; anaona soda.

Mtoto akinywa, hatari kubwa haiko tumboni bali kwenye mapafu, pale matone yanapopita njia isiyo yake. Kwa hiyo usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula kwa nia ya kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, kisha mwahishe hospitali pamoja na chupa aliyoinywea. Akikohoa au kupumua kwa shida, hali ni ya dharura.

Mafuta yakae kwenye chombo chake chenye mfuniko, juu, mbali na watoto, mbali na jiko la mkaa na la gesi.

Nguvu bila hasara

Kijana anayetaka pikipiki iwe nyepesi ana haki ya kuitaka, maana ndiyo kazi yake. Mara nyingi nguvu aliyoipoteza ipo kwenye matunzo yaliyorukwa:

• Chujio lisafishwe kwa ratiba ya kitabu cha pikipiki, na mapema zaidi kwa anayepita barabara za vumbi. La sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kabisa na kupakwa oili kidogo. La karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu, na likichoka hubadilishwa.

• Boksi la chujio likaguliwe kama limepasuka, na mpira unaoliunganisha na kabureta ubane sawasawa. Upenyo mdogo unatosha kupitisha vumbi.

• Plagi itazamwe rangi. Kahawia iliyopauka ni dalili njema, nyeusi yenye masizi inaonyesha petroli imezidi, nyeupe inaonyesha injini inachemka.

• Valvu zirekebishwe, oili ibadilishwe kwa wakati, mnyororo ulainishwe na kukazwa kwa kipimo, matairi yajazwe upepo wa kutosha.

• Ekzosi iliyotobolewa irudishwe ya kiwanda.

• Jioni na asubuhi pikipiki isukumwe kwa mkono. Iwashwe ikiwa nje, mbali na dirisha la chumba cha kulala.

Mzazi aanzie wapi?

Kumwambia kijana wa miaka 22 "unatupigia kelele" huishia kwenye mlango kubamizwa. Mazungumzo yanayozaa matunda huanza na hesabu yake mwenyewe. Mwombe aandike kwa wiki moja anaingiza kiasi gani na petroli na oili zinachukua kiasi gani. Kisha arudishe chujio, apime wiki nyingine. Namba zikitoka kwenye daftari lake, hatahitaji kushindana na mama wala baba.

Anayefaa kusikilizwa zaidi ni fundi. Mzazi anaweza kwenda naye gereji na kuuliza swali moja mbele ya kijana: ringi za pikipiki isiyo na chujio hudumu muda gani kwenye barabara zetu hizi? Fundi mkweli atajibu bila kuzunguka, kwa kuwa anazibadilisha kila siku.

Kwa mwenye mtoto mchanga ndani, lakini, suala la kuwasha pikipiki sebuleni halisubiri wiki ya hesabu. Hilo linaanza leo usiku: mlango ufunguliwe, pikipiki isukumwe hadi uani, ndipo ufunguo uzungushwe.